Motokari ya okazyo Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mnunuzi anapogombana na parkingi

Nimeandika majibu haya kwa ajili ya watu wanaonipigia simu wakiwa wameshalipa motokari ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika. Nilikuwa fundi katika garaji moja ya Kampemba kwa miaka 11. Tangu hapo wanunuzi huniita niwaangalizie motokari, au niwasindikize kwa mwenye parkingi (uwanja wa kuuzia motokari) wakati maneno yameshakuwa makali. Mimi si avoka (wakili). Ninayoyasema kuhusu sheria ni yale ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla hajaketi mbele ya avoka, asije akapoteza saa nzima akieleza yasiyo na uzito.

Kuna jambo moja utaliona likirudi katika majibu mengi: muuzaji huandika kwa urahisi siku anayotaka dola zako. Ukingoja kesho yake, hatashika kalamu tena.

Nimenunua Jumatatu, Alhamisi motere imekufa. Mwenye parkingi anasema ikishatoka getini si yake tena. Ni kweli?

Si kweli. Mauzo kwetu yanatawaliwa na Kitabu cha Tatu cha Sheria za Kiraia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na ndiyo inayosomwa mahakamani hadi leo. Inamtaka muuzaji asimamie kasoro zilizofichika: zile ambazo mnunuzi hawezi kuziona kwa kuangalia kwa kawaida, na ambazo zinaifanya motokari isifae kwa kazi yake, au zinaipunguzia faida kiasi kwamba angezijua asingenunua, au angetoa bei ndogo. Hata muuzaji ambaye hakuijua kasoro anawajibika, isipokuwa kama mliandikiana kwamba hatoi garanti.

Kasoro ikithibitika, una njia mbili na wewe ndiye unayechagua. Unaweza kurudisha motokari na kurudishiwa bei, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei kadiri wataalamu watakavyokadiria. Ikionekana kwamba muuzaji alijua akanyamaza, anadaiwa pia hasara uliyopata: gharama ya kuvutwa, siku ulizokosa kazi, mzigo uliooza njiani.

Kasoro inayoonekana ni habari nyingine. Kioo chenye ufa, tairi zilizokwisha, mlango uliobonyea: uliviona, ukalipa, basi umevikubali.

Ninaambiwa lazima nilalamike "kwa muda mfupi". Ni siku ngapi?

Sheria haikutaja hesabu. Inasema tu muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali mauzo yalipofanyika. Juji ndiye anayepima. Kwa hiyo usijiulize "nimebakiza siku ngapi?". Jiulize kama kila siku uliyoiacha ipite unaweza kuieleza.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 2018 nilinunua Toyota IST kwenye parkingi moja, jioni, nikiwa na haraka kwa sababu mama watoto alikuwa ameshapata soko la kupeleka bidhaa Likasi. Sindano ya joto ilikaa chini, nikafurahi. Siku ya pili asubuhi maji yalikuwa yamepungua kwenye radieta. Nikaongeza. Siku ya tatu nikaongeza tena. Nilifanya hivyo hadi siku ya 12. Siku ya 13, kwenye mwinuko kabla ya Likasi, mvuke ukatoka chini ya kapo (boneti). Fundi wa pale akafungua nyumba ya termostati: tupu. Walikuwa wameitoa, ili maji yazunguke bila kusimama na sindano isipande mbele ya mnunuzi. Kichwa cha motere kilikuwa kimepinda.

Niliporudi, mwenye parkingi hakupiga kelele. Aliniuliza kwa upole: "Fundi, wewe mwenyewe uliona maji yanapungua tangu siku ya pili. Kichwa kilipinda kwangu au kwako?" Sikuwa na jibu. Matengenezo yalikuwa dola 900, nikapata 300. Kama siku ile ya pili ningezima motere, nikapiga picha ya radieta na kumtumia ujumbe, maongezi yangekuwa mengine kabisa.

Kwa hiyo ukiona dalili, simamisha motokari. Tuma ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo, hata kama umeshampigia simu. Usimruhusu fundi wako afungue motere kabla muuzaji hajaitwa kuja kuona, au kumtuma fundi wake. Motere iliyofunguliwa bila upande wa pili kuwepo ni ushahidi uliopoteza nusu ya nguvu zake. Asipokuja baada ya kuitwa kwa maandishi, uisye wa mahakama (ofisa anayeandika na kupeleka hati zake) anaweza kuandika hali aliyoikuta, na karatasi hiyo itakufaa mbele ya juji.

Kwenye resi (risiti) wameandika "inauzwa namna ilivyo, bila garanti". Nimekwisha?

Hujakwisha, ila mlima umeongezeka. Maneno hayo yanamkinga muuzaji asiyejua. Hayamkingi aliyejua akaficha. Kwa hiyo lazima uonyeshe kwamba alijua. Termostati haijitoi yenyewe. Taa ya onyo haijitoi yenyewe kwenye tablo (dashibodi). Waya iliyokatwa na kufungwa skochi ina mkono ulioikata. Halafu, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza motokari atapata shida kumshawishi juji kwamba hakuona kile ambacho fundi wa kawaida anakiona kwa dakika kumi.

Nimegundua volan (usukani) ilikuwa kulia, wameihamishia kushoto. Hawakuniambia.

Huu ndio ugomvi ninaoulizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na volan inatakiwa iwe kushoto. Motokari nyingi zinazofika kwetu zinatoka Japani, ambako volan iko kulia. Zinashukia Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia, zinaingia mpakani Kasumbalesa. Kisha kuna mafundi wanaohamisha volan: wanakata tablo, wanabadilisha kremayeri (mtambo unaogeuza magurudumu), wanarefusha waya, wanapitisha upya bomba za breki. Mafundi wazuri wapo na ninawaheshimu. Lakini nimeona pia shafti ya volan iliyoungwa kwa kulehemu mahali ambapo haipaswi kuungwa, na bomba la breki linalogusa egzosti.

Namna ya kujua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nenda usiku, au ingia kwenye hanga lenye giza, simamisha motokari kama mita tano mbele ya ukuta, washa taa za chini. Taa ya motokari iliyotengenezwa kwa Japani hupandisha mwanga upande wa kushoto. Kwa barabara zetu inatakiwa ipande kulia. Mafundi wengi wanahamisha volan na kuziacha taa, ndiyo maana usiku njia ya Kasumbalesa inachoma macho ya wanaokuja mbele. Mvua ikinyesha, angalia wipa: zinaacha pembe ya kushoto bila kuifuta, na sasa dereva ndipo anapokaa. Washa kontakti bila kuwasha motere: taa ya erbagi (mfuko wa hewa unaomkinga dereva akigonga) inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa, au erbagi yenyewe haimo. Mama mmoja aliniletea Toyota Ractis. Nikainua kifuniko cha erbagi ya dereva, ndani nikakuta kipande cha povu la godoro. Mtoto wake alikuwa amesimama pembeni akiangalia.

Kisheria, usichanganye mambo mawili. Kama uliambiwa "volan imehamishwa" ukakubali, kuhamishwa kwenyewe si siri tena, lakini kazi mbovu iliyomo ndani ya tablo bado inaweza kuwa kasoro iliyofichika. Kama uliambiwa "imetoka kiwandani hivi", basi umedanganywa kuhusu kitu chenyewe ulichonunua, na dai lako ni zito zaidi. Kumbuka ni nani aliyesema, mbele ya nani, na kama tangazo la kwenye simu lilisema hivyo. Piga picha ya tangazo hilo leo, kabla halijafutwa.

Na katika jambo hili nasema bila kupunguza: kama ni breki au volan, usiendelee kuendesha huku mkibishana kuhusu pesa. Iache motokari isimame hata mwezi mzima.

Konteri inasoma kilomita 70,000 lakini fundi anasema motokari imechoka. Nitathibitishaje?

Anza na karatasi. Motokari ikitoka Japani hufutwa kwenye daftari la huko na kupewa cheti cha kusafirishwa nje, na mara nyingi kilomita zilizosomwa zinaandikwa humo. Ikiwa ilipita mnadani, ilikuwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake. Herufi R au RA kwenye karatasi hiyo kwa kawaida inamaanisha iligonga ikatengenezwa. Mwombe muuzaji akuonyeshe. Akisema zimepotea, zote, bila hata kopi kwenye simu, mpe bei ya motokari isiyo na historia.

Kisha angalia vitu ambavyo watu husahau kuvidanganya: mpira wa pedali ya breki ulioisha umbo, volan iliyong'aa kwa jasho, kiti cha dereva kilichozama upande mmoja. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mikanda ya kiti nayo mara nyingi ina lebo ya mwaka kule chini kabisa. Motokari ya 2006 yenye mkanda wa 2011 inakuambia jambo.

Kurudisha konteri nyuma ili kuuza ghali kunaweza kuwa zaidi ya ugomvi wa kiraia. Kifungu cha 98 cha Kitabu cha Pili cha Sheria ya Adhabu kinahusu utapeli, na adhabu yake ni kuanzia miezi 3 hadi miaka 5 ya kifungo pamoja na amande (faini). Lakini lazima uonyeshe hila iliyofanywa ili ukubali kutoa pesa, na mkono uliohusika. Motokari iliyopita kwa watu wanne kabla ya kufika kwako inaleta shida hapo: kila mmoja atamwonyesha kidole aliyetangulia. Kwa kesi za namna hiyo, dai la kiraia la kasoro iliyofichika mara nyingi ni njia fupi zaidi.

Nimelipa yote, motokari ninayo, lakini karatasi "zinakuja wiki ijayo" tangu miezi miwili.

Hapa muuzaji bado hajamaliza kukukabidhi. Kukabidhi kitu ni pamoja na vile vinavyoambatana nacho na bila hivyo hakitumiki, na motokari bila karatasi haitembei. Unaweza kudai karatasi, au kudai mauzo yavunjwe na urudishiwe pesa yako.

Karatasi zenyewe ni hizi. Za doane, kutoka DGDA (ofisi ya forodha), zinazoonyesha kwamba ushuru ulilipwa. Karte roze (kadi ya umiliki) na plaki (namba za motokari), ambazo ni kazi ya DGI, ofisi ya kodi. Vinyeti (kodi ya motokari), ambayo hapa Haut-Katanga inalipwa kupitia DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo. Kontrole tekniki (ukaguzi wa motokari) na asiransi (bima). Na akti (hati) ya mauzo iliyosainiwa na yule ambaye jina lake limo kwenye karte roze. Kama jina hilo si la anayekuuzia, dai mandati (idhini ya mwenye mali) iliyoandikwa, au mlolongo wa akti kutoka mkono hadi mkono.

Fungua kapo, usome namba ya shasi kwa macho yako. Kwenye Toyota nyingi za Japani imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya motere na kabini. Ya IST za kwanza inaanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Lowesha kidole, ufute vumbi jekundu, kisha upitishe ukucha juu ya namba. Zinatakiwa ziwe na kina kimoja na nafasi sawa. Ukisikia sehemu laini, rangi nene, au namba moja iliyokaa juu ya wenzake, acha dola mfukoni.

Gharama ya kubadilisha jina, kama hamkuandikiana vinginevyo, ni ya mnunuzi. Usichelewe kuilipa. Motokari ikigonga mtu, jina lililomo kwenye karte roze ndilo linaloitwa kwanza, na wauzaji waungwana wamepata taabu kwa sababu ya wanunuzi wazembe.

Polisi wameikamata, wanasema iliibiwa Zambia au Afrika Kusini.

Kama ni kweli, kuna uwezekano mkubwa utaipoteza motokari. Lakini hujapoteza haki dhidi ya aliyekuuzia. Muuzaji anawajibika kwamba mtu mwingine hatakuja kukunyang'anya kitu kwa haki yake, na bei lazima akurudishie. Dai karatasi ya ukamataji yenye jina la ofisa, tarehe na namba ya shasi. Toa resi na akti yako mara moja, maana bila hizo mtu aliyekutwa na motokari ya wizi anaanza kuulizwa maswali kama mshukiwa.

Nilitoa avansi, nimebadilisha mawazo. Au yeye ameuza kwa mwingine. Pesa yangu?

Inategemea mliiita nini. Sheria yetu inajua arrhes na inajua acompte, na tofauti yake ni ya pesa kweli. Arrhes inampa kila mmoja nafasi ya kurudi nyuma: mnunuzi akirudi anaipoteza, muuzaji akirudi anarudisha maradufu. Acompte ni mwanzo wa malipo ya mauzo ambayo yameshakamilika, na hakuna anayejitoa peke yake. Mkikubaliana juu ya kitu na bei, mauzo yamekamilika hata kabla motokari haijatoka. Watu wengi wanaandika "avansi" tu, halafu kila mmoja anaisoma upande wake. Ongeza mstari mmoja unaosema ni ipi kati ya hizo mbili, na hadi tarehe gani motokari inawekwa kando.

Komisioneri (dalali) ndiye aliyenionyesha na kupokea pesa. Mwenye motokari anasema hakupata kitu.

Swali ni moja: nani alimpa komisioneri ruhusa ya kupokea? Kama ana mandati ya mwenye motokari, kumlipa yeye ni kumlipa mwenyewe. Kama hana, unamdai komisioneri, na hapo kesi ya jinai inaweza kuwa na msingi. Mara nyingi hakuna karatasi, lakini kuna ujumbe: "mpe tu kijana wangu." Ujumbe huo uutunze kama noti ya dola 100. Simu ikiibiwa umekwisha, kwa hiyo utume kwa mtu mwingine leo leo.

Nimpeleke polisi akalale ndani? Rafiki yangu anasema ndiyo njia ya haraka.

Ninaelewa hasira, lakini nakuomba usifanye hivyo bila kosa la jinai la kweli. Deni si jinai. Ofisa wa polisi ya sheria, OPJ, hakuwekwa kukusanya madeni, na Katiba, kifungu cha 18, hairuhusu mtu kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48. Nimeshuhudia jinsi inavyokwenda: mnunuzi analipa "gharama ya usafiri" ya ofisa, muuzaji analipa ili atoke, na dola ambazo zingetengeneza motere zimebaki njiani. Baada ya hapo muuzaji hana tena moyo wa kukubaliana, na anaweza kukushtaki kwa kumkamatisha bure.

Kama kuna hila kweli, karatasi za uongo, namba ya shasi iliyogongwa upya, motokari moja iliyouzwa kwa watu wawili, basi andika malalamiko na uyapeleke parke, kwa mwendesha mashtaka, na kopi yako igongwe muhuri.

Basi nianzie wapi?

Anza na mazungumzo, lakini yenye maandishi. Nenda asubuhi, parkingi ikiwa bado haina wateja wengi. Muuzaji mbele ya wateja analinda jina lake na hatakubali lolote. Msalimie. Mwite papa au mama kama inavyostahili. Sema kasoro, onyesha picha, taja kiasi kimoja. Anayekuja na hesabu tatu tofauti anapewa ile ndogo kabisa, au hapewi kitu. Nenda na mtu mmoja mtulivu, mzee wa familia au wa kanisa, msikizane mbele yake. Magomvi mengi niliyosindikiza yameishia hapo.

Akikubali kurudisha pesa "mwisho wa mwezi", usiondoke na mkono mtupu. Mwambie aandike ungamo la deni, kile ambacho mawakili wanaita reconnaissance de dette: jina lake lote, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, sababu, saini, na shahidi. Karatasi hii ina nguvu ambayo wengi hawaijui. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria za OHADA zina njia ya kuomba amri ya kulipa kwa deni linalotokana na mkataba, ambalo ni hakika, lina kiasi kinachojulikana na muda wake umefika. Hapo mabishano kuhusu kichwa cha motere yamekwisha, limebaki deni.

Akikataa, mwandikie barua ya onyo yenye siku za kujibu, apokee na kusaini kopi yako, au uipeleke kwa uisye.

Nikienda mahakamani, ni ipi?

Kama muuzaji ni mfanyabiashara, Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi inaweza kumsikiliza hata kama wewe si mfanyabiashara. Mahakama za namna hiyo ziliwekwa na sheria ya tarehe 3 Julai 2001, na pamoja na majaji wa kudumu huketi watu waliotoka katika biashara. Faida yake ni kwamba huna haja ya kumweleza kila mtu pale acompte ni nini. Tafuta namba ya RCCM (daftari la wafanyabiashara) ya parkingi kwenye faktire. Kama muuzaji ni mtu binafsi, bei ya motokari kwa kawaida inakupeleka Tribunal de grande instance.

Kama huna pesa ya avoka, uliza ofisi ya ushauri wa bure kwenye Baro ya Haut-Katanga, Bureau de consultations gratuites. Watakuomba karatasi inayoonyesha hali yako ya maisha. Si aibu kuiomba, iliwekwa kwa ajili hiyo.

Pima gharama kabla ya kuanza. Kwa kasoro ya dola 200 ninawaambia watu wakubali 120 na wakalale.

Ninalipa kwa awamu. Nilichelewa mwezi mmoja, wakaja usiku na funguo yao wakaichukua.

Hakuna anayejihukumia mwenyewe. Muuzaji ambaye hajalipwa ana haki ya kuomba mauzo yavunjwe, lakini anaiomba mahakamani. Angalia lakini kile ulichosaini: mikataba mingi ya awamu inasema motokari inabaki mali ya muuzaji hadi malipo ya mwisho. Peleka avoka mkataba huo pamoja na resi zote za awamu ulizolipa. Vitu vyako vilivyokuwa ndani, viorodheshe siku hiyo hiyo.

Niliagiza mwenyewe, imefika Kasumbalesa bila betri, radio na tairi ya akiba.

Linganisha na picha za bandarini Dar es Salaam, na karatasi aliyosaini dereva wa transiti alipoipokea. Bila karatasi hiyo ya makabidhiano, kati ya bandari na mpaka kuna zaidi ya kilomita 1,800 za watu ambao "hawakuona". Andika upungufu kwenye karatasi ya kupokea kabla hujasaini.

Nilinunua kwenye mnada wa mahakama. Nina garanti?

Hapana. Garanti ya kasoro zilizofichika haipo kwa mauzo yanayofanywa kwa amri ya mahakama.

Wamerudisha pesa, lakini noti nne zimeraruka kidogo na hakuna anayezipokea.

Zirudishe papo hapo. Kila mtu Lubumbashi anajua dola iliyoraruka hainunui hata mkate, na muuzaji asingezipokea kutoka kwako. Hesabuni noti mezani, moja moja, mbele ya shahidi, kabla ya kusaini desharji (hati kwamba umepokea).

Ninanunua kesho. Nimwombe aandike nini?

Usimletee mkataba wa kurasa sita, atakataa. Omba mistari michache chini ya faktire, kwa mkono wake, kwa lugha anayoisoma. Mimi huwapa watu maneno haya: "Mimi, muuzaji, ninathibitisha kwamba motokari hii, namba ya shasi iliyotajwa hapo juu, ni mali yangu au ninaiuza kwa mandati iliyoambatishwa, haidaiwi doane, volan yake imehamishwa / haijahamishwa, kilomita zilizosomwa leo ni ... (aandike idadi) na sijazibadilisha, motere na bwati (giaboksi) havijafunguliwa kwa ninavyojua / vilifunguliwa kwa sababu hii. Ninampa mnunuzi siku 15 za kuijaribu kwa motere, bwati, breki na volan. Karatasi zote nitamkabidhi kabla ya tarehe hii."

Kisha nyamaza, umwache asome. Akifika kwenye maneno "volan yake imehamishwa / haijahamishwa" inabidi akate moja. Angalia mkono wake unapokata. Nimeona wauzaji wakiandika bila kusita, na nimemwona mmoja akirudisha kalamu mezani na kusema, "Fundi, ngoja kwanza nimpigie aliyeileta." Siku hiyo tulirudi na dola zetu zote 5,200.